Zoezi la Tahadhari Melini

Askari aingiapo kambi mpya huonyeshwa siku ile ile mahali pa kukusanyikia king'ora kiliapo. Abiria wa meli za matembezi hawakuwa na uhakika huo. Sheria ya kimataifa iliruhusu zoezi la tahadhari lifanywe katika muda wa saa 24 baada ya wao kupanda.

Usiku wa tarehe 13 Januari, 2012, meli Costa Concordia, yenye watu zaidi ya 4,000, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Taa zilizimika. Mamia waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi; lilipangwa kufanywa kesho yake. Amri ya kuihama meli ilichelewa kwa zaidi ya saa moja. Watu 32 walikufa.

Tangu tarehe 1 Januari, 2015, zoezi hufanywa kabla ya safari au mara meli ing'oapo nanga. Na tangu maradhi ya korona, kampuni nyingi zimeacha kuwapanga abiria wote pamoja: kila mmoja hutazama maelezo, kisha huenda mwenyewe kituoni kwake kuandikishwa. Msafiri mzoefu ndiye hulidharau, nasi tunawajua wa namna hiyo. Heri ahesabu milango kutoka chumbani mwake hadi ngazini, apate kuifuata gizani kwa kupapasa. Zikilia honi fupi saba au zaidi, kisha moja ndefu, aende kituoni, mizigo aiache.