Kwa miguu kutoka Mutrah hadi Maskati

Ukiwa na siku moja tu nchini Oman, acha gari. Teremka Mutrah saa 12 asubuhi, kwenye soko la samaki, kabla jua halijakaza, kisha ufuate ukingo wa bahari kuelekea mashariki. Njia ni tambarare na imesakafiwa vizuri. Upande wa maji ina vyuma vya kushikia na mabenchi ya kupumzikia. Wenyewe huiita Kornishi. Urefu wake ni kama kilomita 3, na hata ukiendelea mpaka ikulu iliyoko Maskati ya zamani, mtu asiye na haraka hatumii zaidi ya saa moja na nusu. Bibi anaimudu, mtoto anaimudu. Mimi niliyetoka Terrat, kusini mwa jiji la Arusha, ilinichukua asubuhi nzima, maana kila hatua mia nilikuta jambo linalotuhusu sisi.

Wazee wa pwani yetu waliiita nchi hii Manga, na watu wake Wamanga. Jina hilo bado tunalo jikoni bila kulifikiria: pilipili manga, komamanga. Oman ni theluthi moja hivi ya Tanzania kwa ukubwa, ina watu kama milioni 5, na wengi kati yao ni wafanyakazi waliotoka India, Bangladesh na Pakistan. Pwani yake inazidi kilomita 3,000. Mvua ni haba mno: Maskati hupata kama milimita 100 kwa mwaka, kiasi ambacho Arusha hukipata kwa siku chache tu za masika. Kuanzia Mei joto hupanda kupita nyuzi 40, kwa hiyo safari ya miguu ni ya Novemba hadi Machi. Mimi nilikwenda Novemba.

Soko la samaki lina jengo jipya, la paa jeupe lenye mapindo kama shela linalopeperushwa na upepo. Ndani, jodari wamelazwa safu kwa safu, wengine wanene kuliko paja la mtu. Kuna nguru, changu na papa wadogo. Mnunuzi huchagua samaki wake, kisha humpelekea mkataji upande wa pili. Shakwe wamejaa juu ya mashua. Ng'ambo ya pili ni Bandari ya Sultani Qaboos, ambayo tangu 2014 haipokei tena makontena. Shughuli hiyo ilihamishiwa Sohar, na hapa pakabaki kuwa bandari ya meli za watalii. Majahazi machache bado yamefungwa hapo, na ukiyatazama unaelewa jinsi safari za kale zilivyowezekana. Upepo wa kaskazi uliyasukuma mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Miezi kadhaa baadaye kusi ikayarudisha. Nahodha hakuhitaji makaa wala mafuta. Alihitaji subira.

Mbele kidogo kuna nyumba nyeupe zenye roshani za mbao, na msikiti wenye kuba la buluu. Huo ni mtaa wa Walawatia, wafanyabiashara wa Kishia ambao asili yao ni Sindh, na nyuma ya nyumba hizo kuna mlango wa mtaa uliozungushiwa ukuta. Mgeni haingii ovyo, kwani ni makazi ya watu. Nilipita nikiwaza Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako roshani kama hizo zinatazama bahari hiyohiyo kutoka upande wa kusini.

Soko la Mutrah lina jina la zamani lenye maana ya soko la giza, kwa sababu vichochoro vyake ni vyembamba na vimeezekwa, jua halifiki chini. Harufu ya ubani inakupokea mlangoni. Ubani wenyewe ni utomvu wa miti ya Dhofar, kusini kabisa mwa nchi, na huuzwa kwa madaraja: mweupe wenye kuelekea kijani ndio ghali, mwekundu ndio wa kawaida. Kuna udi, bukhuri, majambia ya fedha na halua. Fedha yao ni rial, yenye baisa 1,000 ndani yake. Baisa na pesa yetu ni neno moja lililotoka India.

Nilisimama kwenye duka la kofia. Wanaume wa Oman huvaa kofia ya kitambaa iliyotobolewa vitundu na kutarizwa kwa uzi, ambayo wao huiita kumma, na mtu wa kwetu ataitambua mara moja: ni ndugu ya kofia za viua za Unguja. Nikamwambia mwenzangu kwa Kiswahili kwamba bei ni kubwa. Mzee mwenye duka akainua kichwa.

"Watoka bara wewe?"

"Shikamoo, mzee. Natoka Arusha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa kitako."

Akaagiza chai ya maziwa yenye iliki. Aliondoka Unguja mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Januari, akiwa mtoto wa miaka tisa. Kama yeye wako wengi. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970 aliwaita Waomani walioko nje warudi wajenge nchi, na waliotoka Zanzibar walirudi na elimu ya shule ambayo Oman ilikuwa nayo kidogo sana. Wakawa walimu, wauguzi, maofisa. Kiswahili wakakibeba pamoja na masanduku yao, na hadi leo utakisikia hospitalini, benki na sokoni, kikisemwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Afrika.

Nikaaga nikaendelea. Juu ya njia imesimama ngome ya Mutrah. Baada yake pwani inapinda, na bustani ya Riyam inatokeza na chetezo kikubwa cheupe kilichojengwa juu ya jabali, kirefu kama jengo la ghorofa. Hapa ndipo nilipokaa zaidi, kwa sababu ya milima.

Sisi tuliokulia chini ya Meru, wenye urefu wa mita 4,566, tumezoea mlima uwe na msitu, mawingu na mito. Milima ya Maskati haina hata mti mmoja. Ni mawe ya kahawia iliyokoza, yenye ncha, yanayoshuka moja kwa moja mpaka baharini. Meru ni volkano, na mara ya mwisho ililipuka mwaka 1910. Haya ya Oman ni mwamba uliokuwa chini kabisa ya sakafu ya bahari, ukasukumwa juu ya nchi kavu zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Wanajiolojia husafiri kutoka duniani kote kuugusa kwa mkono. Mtu wa kawaida naye anaweza: kutoka Riyam kuna njia ya kale ya kupanda, yenye alama za rangi kwenye mawe, inayorudi Mutrah kupitia mlimani. Ndiyo waliyoitumia watu kabla ya barabara ya pwani, kama hawakupata mtumbwi. Hiyo si nyepesi. Vaa viatu vya kushika.

Barabara inapita chini ya lango la Maskati. Kabla ya 1970 malango ya mji yalifungwa saa chache baada ya magharibi, na aliyetembea usiku alilazimika kubeba taa. Ndani ya mji kuna ikulu ya Al Alam, yenye nguzo za buluu na dhahabu, na mbele yake Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa 2016. Pembeni mwa ikulu, juu ya majabali mawili yanayolinda ghuba, zimekaa ngome za Mirani na Jalali. Wareno walizimaliza 1587 na 1588. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, Mombasa. Waomani waliwafukuza Maskati 1650, na 1698 wakawatoa Mombasa pia.

Historia iliyofuata siwezi kuipita kimyakimya. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Zanzibar katika miaka ya 1830, akapanda mikarafuu, na misafara ya pembe za ndovu ikatoka Pangani kupita nyanda za chini ya Kilimanjaro na Meru. Misafara ya zama hizo ilirudi na watu pia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 tu. Wengi walikuwa wameshavushwa mpaka huku, wakafanyishwa kazi kwenye mitende na kwenye uzamiaji wa lulu. Wajukuu wao wapo, ni Waomani kamili, na niliwaona wakivua samaki kwa mshipi kwenye Kornishi. Makumbusho yanaeleza vizuri majahazi na karafuu. Waliovushwa utumwani nao wanastahili chumba chao.

Nilirudi Mutrah kwa basi jekundu la umma, jua likiwa utosini. Mzee alikuwa bado dukani, ameniwekea kifuko cha ubani na hakutaka malipo. Akanisindikiza mpaka mwanga wa nje, akatazama mawe yale makavu juu ya mji, kisha akaniuliza kama vuli imeshaanza kunyesha. Nikamwambia imeanza, ila Terrat bado tunaisubiri.