Mafuta Ghafi Tumboni: Vitamini Si Ngao ya Kutosha



Mafuta ghafi ya nchi yetu huchimbwa majimbo ya Unity na Upper Nile. Hapa Juba tunapokea dizeli na petroli kwa malori yanayopita Nimule. Yote ni sumu yakimezwa.

Anayenyonya mafuta kwa mpira akayameza, hatari ya kwanza ni mapafu: yakiingia huko huleta nimonia. Kwa hiyo asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja. Mafuta ghafi yakimezwa mara kwa mara, hata katika maji machafu, huweza kudhuru ini, figo na damu.

Nchini Nigeria wataalamu waliwalisha panya mafuta ghafi. Waliopewa pia vitamini C au E, madhara yalipungua, kwani vitamini hizo hukinga seli za mwili. Basi tule maembe, mboga na karanga. Lakini panya si mtu, na embe si dawa ya sumu.

Tajiri akigawa vidonge badala ya pampu, tusiridhike. Tudai pampu, glavu na maji safi. Wala tusiweke mafuta katika chupa za soda. Watoto wetu watayanywa.