Baiskeli za Jumamosi: Waingereza wanavyotembea mashambani kwao pole pole

Ni nyumba chache hapa Pwani zisizokuwa na mtu wao Uingereza. Na siku hizi, katika zile picha zinazotumwa kwa simu, pamoja na za theluji na za sikukuu, utaona nyengine: mtu amesimama kando ya baiskeli, nyuma yake shamba la kijani, kondoo, na mnara wa kanisa kwa mbali. Watu wa nyumbani hucheka. "Kwani kule amekosa gari?"

Nami nilikuwa mmoja wa wanaocheka, mpaka mwaka juzi nilipokwenda kumtembelea mdogo wangu wa kike anayekaa kusini mwa London. Alinipandisha baiskeli mimi mwenyewe, na miaka yangu arobaini na nne na kitambi changu. Makala haya yanaeleza matembezi hayo ni kitu gani, yalianza vipi, njia zake zinapatikana wapi, na Mwislamu wa Pwani akialikwa ajitayarishe vipi. Na ndani yake mna jambo jengine, la mimi na dadangu. Nitalifikia.

Si mashindano

Kwanza tufahamu kwamba haya si mashindano. Wako Waingereza wa mbio, wenye nguo za kubana na baiskeli nyepesi. Hao watakupita kama mshale na wala hawana habari nawe. Ninaowazungumzia ni wengine: mzee na mkewe, baba na wanawe, marafiki wa kazini. Hutoka Jumamosi au Jumapili baada ya chai ya asubuhi, wakaenda kilomita ishirini au thelathini, kwa mwendo ambao watu wanaweza kuongea bila kuhema. Husimama kutazama daraja. Husimama kula keki. Mvua ikinyesha hujibanza chini ya mti, kisha wakaendelea. Jioni wamerudi kwao.

Mambo haya yana umri. Baiskeli tunayoijua sisi, ya magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilipata umaarufu kwa kazi ya John Kemp Starley wa mji wa Coventry, aliyetoa baiskeli yake iitwayo Rover mwaka 1885. Kabla ya hapo iliyotamba ni ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambayo mtu akianguka huanguka na kichwa. Miaka mitatu baadaye, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akatengeneza tairi la upepo, na mifupa ya watu ikapumzika.

Karani na mfanyakazi wa kiwandani hawakuwa na farasi wala gari la kukokotwa na farasi. Baiskeli iliposhuka bei, siku yao ya mapumziko ikawa na maana mpya: waliweza kutoka nje ya moshi wa mji, wakaona mito na vijiji, wakarudi bila kumlipa mtu nauli. Chama cha watembezi wa baiskeli kilikuwa kimeshaundwa mwaka 1878, na kipo mpaka leo kwa jina la Cycling UK. Waandishi nao waliingia. H. G. Wells alihamia mji wa Woking mwaka 1895, na mwaka uliofuata akatoa riwaya, The Wheels of Chance, kuhusu kijana muuza duka anayetumia likizo yake kuzunguka kusini mwa Uingereza kwa baiskeli.

Nasi tumo katika historia hiyo. Wengi wetu tumekulia nyumba yenye Raleigh, ile nyeusi nzito, yenye kengele, taa ya dinamo na karia ya kubebea gunia. Raleigh ilitoka Nottingham, Uingereza. Marehemu baba alikuwa nayo. Aliendea kazini, akaendea sokoni, na Ijumaa akaendea msikitini. Mimi nilianza kuichukua nikiwa na miaka kumi, naipanda kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo kwa kuwa sifikii kitini. Siku moja dadangu aliishika usukani akataka kujaribu. Baba hakuwapo. Aliyemkataza ni mimi. "Mtoto wa kike hapandi baiskeli," nilimwambia mbele ya wenzangu pale barazani. Akaiachia, akaingia ndani.

Njia wanazipata wapi?

Swali nililomuuliza dadangu mwanzo ni hili: mashamba yale yote yana wenyewe, sasa nyinyi mnapita wapi? Jawabu lake ndilo linaloeleza kwa nini matembezi haya yamewezekana huko.

Njia ya kwanza ni vibarabara vya kijiji kwa kijiji, vyembamba, vilivyozungukwa na ua wa miti pande zote mbili. Huko magari huenda upande wa kushoto kama kwetu, kwa hivyo mtu wa Kenya hapati tabu. Tabu ni mwendo wa magari. Barabara nyingi za mashambani sheria inaruhusu mpaka maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 97, na kwenye kona huoni kinachokuja. Kanuni za barabara zilizorekebishwa mwaka 2022 zinamtaka dereva ampishe mwenye baiskeli kwa angalau mita moja na nusu, na zaidi akiwa katika mwendo mkali. Wengi hufuata, si wote. Ndiyo maana wenye akili huchagua vibarabara vidogo kabisa.

Ya pili ni njia za haki ya kupita. Uingereza kuna vijia vya zamani vinavyokatiza ndani ya mashamba ya watu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuvifunga. Vyenye mshale wa manjano ni vya waendao kwa miguu. Hapo baiskeli haina haki. Vyenye mshale wa buluu ni vya waendao kwa miguu na wapanda farasi, na sheria ya mwaka 1968 iliwaongeza wenye baiskeli, kwa sharti kwamba wawapishe hao wengine. Ukikuta lango limefungwa, ukishapita ulifunge. Ukilikuta wazi, liache wazi. Ng'ombe ni wa mtu.

Ya tatu ni kando ya mifereji. Zaidi ya miaka 200 iliyopita Waingereza walichimba mifereji ya kupitishia mashua za mizigo, na kando yake wakaacha njia ya farasi aliyezivuta kwa kamba. Farasi wameondoka, njia zimebaki, na nyingi hazina mlima.

Ya nne ndiyo iliyonishangaza zaidi: reli zilizokufa. Mwaka 1963 mkuu wa shirika la reli, Richard Beeching, alitoa ripoti ya kupendekeza stesheni zaidi ya 2,300 zifungwe pamoja na maelfu ya kilomita za reli. Nyingi zilifungwa kweli, na vijiji vikalia. Kisha kikundi cha watu wa Bristol wakaona kwamba treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hivyo palipopita reli patakuwa patamu kwa baiskeli. Mwaka 1979 wakaanza, wengi wao kwa kujitolea, kuigeuza reli ya kati ya Bristol na Bath kuwa njia ya miguu na baiskeli. Ikakamilika mwaka 1986, urefu wake kama kilomita 21. Kikundi hicho kilikuja kujulikana kwa jina la Sustrans, na kazi yake ikazaa mtandao wa njia za baiskeli wa nchi nzima. Utazijua kwa vibao vya buluu vyenye namba ndani ya kibandiko chekundu.

Kwa hivyo mtu asidhani ni uzuri wa mandhari peke yake. Mandhari hata sisi tunayo. Huko kuna sheria inayosema pita, na kuna watu walioshika majembe siku zao za mapumziko.

Safari yetu ya Woking

Ilikuwa mwezi wa Juni. Tulitia baiskeli kwenye treni mpaka Woking, mimi, dadangu na mpwa wangu wa miaka kumi na miwili. Dadangu alichagua mji huo makusudi. Woking ndiko uliko msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889, wa kwanza Uingereza kujengwa kwa nia ya kuwa msikiti. Jina ni la mtawala mwanamke wa Bhopal, India, aliyeuchangia. Ni mdogo, wenye kuba la kijani, na ukiuona katikati ya mitaa ile utadhani umeota.

Tulianza na pori la Horsell Common, ambalo Wells alilitumia katika hadithi yake ya viumbe wa sayari ya Mars. Pembeni mwa pori hilo pana bustani ya amani iliyofunguliwa mwaka 2015. Hapo ndipo walipozikwa askari Waislamu wa jeshi la India waliokufa Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kabla ya makaburi yao kuhamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Tulisimama tukawasomea Fatiha. Tukasali adhuhuri msikitini, kisha tukashika njia ya kando ya mfereji wa Basingstoke kuelekea Brookwood. Mfereji huo ulikamilika mwaka 1794, ukaja kuharibika kabisa, na watu wa kujitolea wakafanya kazi miaka mingi mpaka ukafunguliwa tena mwaka 1991.

Mwendo wenyewe hauzidi kilomita kumi. Miti imeinama juu ya maji, bata wanapita na vifaranga vyao, na kila unayekutana naye anakwambia habari za asubuhi hata kama ni saa nane mchana. Mimi nilikuwa wa mwisho. Mpwa wangu alikuwa akisimama kila baada ya muda akiniita, "Mjomba, upo?" Huko Brookwood tulishuka tukazisukuma baiskeli kwa mkono, maana ni makaburini. Hapo amelazwa Abdullah Yusuf Ali, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiingereza imo ndani ya nyumba nyingi za Mombasa.

Jioni, tukinywa chai na skoni za jamu, dadangu alinihadithia kisa cha jirani na hapo. Mwaka 1898 bibi mmoja wa daraja la juu, Lady Harberton, alifika kwa baiskeli kwenye hoteli ya kijiji cha Ockham, akiwa amevaa suruali pana ya magotini badala ya sketi ndefu. Mwenye hoteli akamkatalia chumba cha kulia, akamwambia akale upande wa baa. Chama cha watembezi wa baiskeli kikaipeleka kesi mahakamani mwaka uliofuata, na kikashindwa. Waingereza hao hao, kwa mavazi hayo hayo ambayo leo hakuna hata anayegeuza shingo.

Kisha akaniuliza, bila ya hasira, "Kaka, wakumbuka baiskeli ya baba?" Nilisema nakumbuka. Sikusema zaidi.

Ukialikwa

Usinunue kitu. Azima au kodi, na jaribu breki kabla ya kuondoka. Kofia ngumu si lazima kwa sheria ya huko, lakini vaa. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima usiku. Treni nyingi hupokea baiskeli nje ya saa za msongamano, nyengine hutaka uweke nafasi mapema, basi uliza.

Kwa mwanamke, buibui refu na mnyororo havipatani, ni hatari. Dadangu huvaa suruali pana na kanzu inayofika magotini, mtandio umefungwa chini ya kofia, na baiskeli yake ina mfuniko wa mnyororo kama zile Raleigh za zamani. Alijifunza akiwa na miaka thelathini na minane, pamoja na wanawake wenzake Waislamu. London wana jumuiya yao, Cycle Sisters, iliyoanza mwaka 2016, na matembezi yao ni ya wanawake peke yao.

Kuhusu chakula, matembezi mengi huishia kwenye baa ya kijiji. Mwambie mwenyeji wako mapema kwamba wewe ni mtu wa mkahawa wa chai. Chukua mahamri yako, chupa ya maji ya kunywa na nyengine ya kutawadha, na mswala mwepesi. Juni kuna nafasi tele: adhuhuri ni kama saa saba mchana na magharibi ni baada ya saa tatu usiku. Disemba mambo hugeuka, jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na asiyepanga hupitwa. Na mtu asijipunguzie sala kwa kilomita thelathini; kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, huo si mwendo wa safari.

Nimalizie na lile la nyumbani. Wakati ule nilidhani nalinda heshima. Nilipomwona akinitangulia kando ya mfereji, amejistiri na mwanawe yuko mbele yake, nilijua kwamba nilichokilinda ni baiskeli yangu na maneno ya wenzangu wa barazani. Najua dadangu huisoma safu hii kila wiki. Basi jawabu ambalo sikulitoa pale kwenye chai ni hili: nakumbuka, nilikosea, na uniwie radhi. Nikija tena Inshaallah, nitatangulia mimi. Au nitajaribu.