Kompyuta imegoma kuwaka? Usiingizwe mjini!

Msomaji wangu, mchezo ni ule ule kuanzia Majengo hadi Kiboriloni. Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, mwenye nayo anaibeba mbio mbio kwa fundi. Fundi anaitupia jicho, anatikisa kichwa: "Mazabodi imekufa, bosi." Noti zinakutoka!

Nusura yamkute jirani yangu mwenye steshenari hapa Moshi. Ndani ya mashine kulikuwa na barua za watu za kuomba kazi, na siku ya mwisho ni kesho yake. Nikamwambia, dada, kabla hujafungua pochi, tuanzie ukutani.

Kwanza soketi. Chomeka chaja ya simu. Ikichaji, umeme upo. Pili waya: mara nyingi ule wa monita unaingia pia kwenye kompyuta, jaribu huo. Tatu, swichi ya nyuma iwe kwenye alama ya I, siyo 0.

Mashine nyingine za mtumba zina kiswichi cha 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka, utasikia "paa!" na pawa saplai kwisha kazi. Kikague mapema.

Feni inazunguka lakini monita giza? Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, toa memori, futa meno yake taratibu kwa raba ya penseli, kisha irudishe mpaka ilie "ka!" Hapo ndipo mashine ya dada ilipozinduka. Kumbe vumbi la kiangazi tu!

Saa nayo ikirudi miaka ya nyuma kila ukiwasha, badilisha kile kibetri cha duara, CR2032.

Pawa saplai usiifungue hata kidogo. Inabaki na umeme ndani hata ukishaichomoa. Hiyo ni ya fundi. Nanyi wa Kibosho na Marangu, radi za masika zikianza, chomoeni waya ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Na hata mazabodi ikifa kweli, kazi zako kwa kawaida zinabaki kwenye diski. Mwambie fundi akurudishie diski yako, usimwachie!

Mafundi waaminifu wapo tele mjini hapa. Ila ukienda unajua, hata bei inashuka yenyewe. Tuonane wiki ijayo!