Mbele ya kufunga gunia, toa chakula cha saa sita cha mtoto

Katika milima ya Kivu, toka Septemba, Musimu A ukianza, kazi ya shamba haingoji mtu. Saa kumi na mbili ya asubuhi mama amekwisha kushika jembe, baba amebeba mbegu. Aliyezaliwa juzi yuko mgongoni. Lakini yule wa mwaka mmoja na nusu, aliyekwisha kutoka mgongoni na hajui bado kujitafutia, anabaki nyumbani na koko wake ao na dada yake. Ukiuliza: «Huyu mutoto atakula nini saa sita?», jibu tunalijua sisi wote: «Atakula mangaribi, tukitoka ku shamba.» Ao: «Kuko bugali ya jana.»

Ndugu wanachama, tuseme ukweli bila kuficha. Sisi ndio tunaolima maharagi, soya, viazi na karanga. Magunia yanatoka kwetu kwenda soko. Na bado ni katika nyumba zetu, sisi walimaji, ndimo bwaki inaingia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulikuta kwamba katika Congo yetu watoto 43 kwa 100 wenye chini ya miaka 5 wamedumaa, ni kusema ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa miaka yao. Katika Kivu zote mbili ilikuwa zaidi ya nusu. Wengi wao wanakaa mahali ambapo chakula kinapita mbele ya macho yao kwenda kuuzishwa.

Chakula cha saa sita cha mtoto mdogo kinaweza kutoka katika shamba letu wenyewe, kikapikwa kwa dakika 10 ao 15, na mtoto akakila kwa mkono wake. Lakini sehemu yake lazima itolewe mbele ya gunia kufungwa.

Tumbo dogo, kazi kubwa

Mtu mzima anaweza kula asubuhi, akalima mpaka mangaribi, akakula tena sana. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi. Tumbo lake linajaa kwa karibu kikombe kimoja tu, na mwili wake unajenga mifupa, damu na akili kila siku. Ndiyo maana toka miezi 9 mpaka miaka 2 anahitaji kula mara 3 ao 4 kwa siku, na kati ya hapo apate kitu kidogo mara moja ao mbili, kama vile tunda. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka 2 na zaidi. Ukiruka saa sita, huwezi kurudisha ile sehemu mangaribi: tumbo litakataa, ao atalala mbele chakula hakijaiva.

Tena kikombe kile kimoja kikijaa bugali ya muhogo peke yake, mtoto ameshiba lakini hajajengwa. Katika mkono wake tutafute vitu vitatu: cha kumpa nguvu (kiazi, ndizi, mahindi), cha kumjenga (maharagi, soya, yai, ndagala), na cha kumlinda (lengalenga, papai, karoti, avoka). Mafuta kidogo ya mawese yanaongeza nguvu, na yanasaidia mwili kupokea vitamini A.

Kwa nini chakula cha kushika?

Toka miezi 8 ao 9 mtoto anaanza kushika vitu na kupeleka kinywani. Akipewa kipande laini chenye urefu wa kidole cha mtu mzima, anakishika, anakiuma, anajifunza kutafuna. Uji ni muzuri, lakini kila mara tukiuongeza maji ili utoshe watu wengi, mtoto anakunywa maji. Kipande cha kiazi hakiongezwi maji. Na koko anayechunga watoto watatu anaweza kukaa nao pamoja, kila mmoja na sahani yake, bila kulisha mmoja wengine wakilia.

Sahani iwe yake peke yake. Katika sahani moja na wakubwa, mwenye mkono mrefu ndiye anashiba.

Siku ya posho: tayarisha unga

Dakika 10 za saa sita zinatoka katika kazi ya saa moja siku ya posho. Tayarisha unga wa aina tatu, kila moja katika kopo kavu lenye kifuniko:

*Unga wa ndagala.* Chagua ndagala, toa mchanga, kausha katika sufuria juu ya moto mdogo, twanga pamoja na vichwa na mifupa, kisha chekecha mpaka ulainike kabisa. Chumvi usiongeze.

*Unga wa soya.* Soya mbichi inasumbua tumbo, kwa hiyo lazima ipite motoni. Chemsha nusu saa, toa maganda, anika, kaanga mpaka inukie na kuwa rangi ya udongo, kisha twanga.

*Unga wa karanga.* Chambua vizuri. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa ao iliyobadilika rangi, tupa mbali, usiitwange «ili isipotee». Ule ukungu una sumu inayoharibu maini, na kukaanga hakuiondoi. Twanga ya juma moja tu.

Mapishi manne ya saa sita

Vipimo hivi ni vya mtoto mmoja toka mwaka mmoja mpaka mitatu. Anayepika anawe mikono kwa sabuni ao majivu, na mtoto pia anawe, kwa sababu mkono ndio kijiko chake.

*1. Vidole vya kiazi kitamu cha njano.* Kile chenye nyama ya rangi ya karoti ndicho chenye vitamini A nyingi kuliko cheupe. Chukua kimoja cha kadiri, menya, kata vipande virefu, chemsha katika maji kidogo, funika. Dakika 10 ao 15 kimeiva. Pakaa kijiko kidogo cha mafuta ya mawese na unyunyize unga wa ndagala.

*2. Vidonge vya maharagi.* Toa nusu kikombe cha maharagi yaliyoiva, mbele ya kutia pilipili na chumvi ya wakubwa. Ponda pamoja na kiazi kimoja kilichochemshwa na kijiko kimoja cha unga wa ndagala. Finyanga vidonge virefu kama kidole, geuza juu ya sufuria yenye mafuta kidogo mpaka vikamate nje. Maharagi yawe ya siku ile. Kama ni ya jana, yawe yalifunikwa, na yachemke tena mpaka yatoe mapovu. Ukiwa na mbegu za maharagi yenye chuma nyingi, kama zile INERA ya Mulungu ilizofanyia kazi, hapa ndipo faida yake inaingia katika damu ya mtoto.

*3. Kimanda cha yai na lengalenga.* Yai moja, konzi ndogo ya lengalenga iliyooshwa na kukatwa kabisa kabisa. Piga pamoja, mimina katika mafuta kidogo, funika mpaka yai liive lote, lisibaki na maji. Kata vipande virefu. Dakika 10 hazipiti.

*4. Vikate vya ndizi na soya.* Ndizi moja iliyoiva sana, vijiko 2 vya unga wa mahindi, kijiko 1 cha unga wa soya. Ponda, changanya, ongeza maji kidogo tu. Pika vikate vidogo juu ya moto mdogo, pande zote mbili, mpaka katikati ikauke. Sukari haina kazi hapa, ndizi inatosha.

Kando ya kila pishi weka tunda: kipande cha papai, chungwa lililotolewa mbegu na ngozi, ao avoka. Papai na chungwa vinasaidia chuma ya maharagi kuingia katika damu. Chai inafanya kinyume, inazuia, kwa hiyo mtoto anywe maji safi yaliyochemshwa. Avoka inateleza katika vidole vidogo na mtoto anakasirika. Iviringe katika unga wa karanga, ataishika vizuri.

Kama mtoto anaenda nanyi shambani, usibebe yai wala maharagi yaliyopikwa alfajiri. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa mbili bila moto kinaanza kuharibika, hata kama hakijanuka. Beba vitu ambavyo Mungu amekwisha kuvifunga katika ngozi yake: ndizi ya kuiva, avoka, papai zima. Viazi vitamu vichomwe palepale katika majivu, vimenywe vikipoa.

Kile kinachoweza kumkaba

Hapa wamama, wababa na makoko wasikilize vizuri. Mtoto mdogo ana meno machache na koo nyembamba. Karanga nzima, mahindi ya kuchoma, kipande cha muwa, nyama ngumu, karoti mbichi na samaki mwenye miiba havifai. Karanga nzima zingoje mpaka miaka 5. Mbele ya kumpa kipande chochote, kifinye kati ya vidole viwili: kikipondeka, ni chake. Kikikataa, kirudi katika maji.

Akule akiwa amekaa. Asikimbie na chakula kinywani, asilale, wala asile peke yake. Mkubwa awe karibu na amtazame. Dada wa miaka 7 bado ni mtoto, usimwachie kazi hii.

Mtoto mwenye zaidi ya mwaka akikabwa na hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele na umpige kwa nguvu kati ya mabega kwa kisigino cha mkono, mara 5. Usiingize kidole kinywani kutafuta usichokiona, unaweza kusukuma ndani zaidi. Piga kelele watu waje, na mumkimbize kituo cha afya. Uombe muuguzi awaonyeshe siku moja namna ya kufanya, ninyi nyote wa koperative.

Muhogo mchungu, tunajua sisi wote, uloweke siku 3 ao 4 na ukauke vizuri. Katika wakati wa njaa watu wanafupisha siku zile, na inaweza kuleta konzo, ugonjwa unaokaza miguu ya mtoto mpaka mwisho wa maisha yake.

Yai linakwenda, biskuti inarudi

Siku ya soko tunafanya biashara moja ya hasara bila kuihesabu. Mama anapeleka mayai, avoka na maharagi. Jioni anarudi na biskuti na maji ya rangi yenye sukari, «zawadi ya batoto». Ametoa kile kinachojenga, amenunua kile kinachopendeza ulimi. Hatumlaumu: franka za masomo na za dawa zinatoka wapi kama si hapo? Lakini tufanye hesabu.

Mtoto mdogo akipata gramu 50 za maharagi makavu kwa siku, karibu konzi moja, kwa siku 30 ni kilo 1 na nusu. Kwa miezi 6, toka mavuno moja mpaka mengine, ni kilo 9. Katika gunia la kilo 100, ni kilo 9 tu! Kilo 91 zinabaki kwa soko na kwa wengine wa nyumba. Kwa kuku, ni kusema mayai 3 kwa juma yasivuke kizingiti cha nyumba. Kwa viazi vitamu vya njano, mistari michache karibu na nyumba, ambayo koko anaweza kuchimba mwenyewe.

Wababa, hesabu hii ni yenu pia. Katika nyumba nyingi baba ndiye anasema gunia gani liende. Basi siku ya kufunga, yeye mwenyewe apime zile kilo 9, azitie katika chombo chake, aseme mbele ya watu wote: «Hii ni ya mutoto, haiuzishwe.» Neno la mama peke yake linavunjika haraka siku deni linapobisha mlango.

Kwa mkutano wenu unaokuja

Tunawaomba mweke mambo matatu katika mazungumzo. Moja: kila nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5 iseme imetoa kilo ngapi. Mbili: wakati wa kupalilia, nyumba tano ao sita za jirani zichague mkubwa mmoja wa zamu anayebaki kupikia watoto wote saa sita, na wengine wamlimie sehemu yake. Tatu: mualike muuguzi ao mhamasishaji wa afya na mkanda wake wa kupima mkono wa watoto toka miezi 6 mpaka miaka 5. Kijani, toka sentimita 12 na nusu, ni sawa. Njano, kati ya 11 na nusu na 12 na nusu, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11 na nusu, ni kwenda kituo cha afya siku ileile. Miguu ikivimba, nywele zikiwa nyekundu na kutoka, mtoto akikataa kucheza, usingoje mkanda. Ni bwaki, na bwaki inaua.

Mbegu tunaitunza vizuri, hata njaa ikiwa kali, kwa sababu tunajua kwamba mwenye kula mbegu hana mavuno ya kesho. Mtoto naye atoe chakula chake katika chombo kinachoheshimiwa vilevile. Saa sita ikifika, jua likiwa katikati na sisi tukingali shambani, awe amekaa chini karibu na koko, sahani yake mbele yake, kidole cha kiazi mkononi.