Stamford Bridge: Daraja Lililodumu Baada ya Maji Kuondoka

Wapenzi wa kandanda hulitaja jina la Stamford Bridge kila wiki, lakini ni wachache wafahamuo kwamba jina hilo ni la daraja, na kwamba daraja lenyewe lipo hadi leo. Liko mjini London, katika barabara ya Fulham Road, karibu na kiwanja cha Chelsea.

Hapo zamani palipita kijito kilichomwaga maji yake katika mto Thames, nacho kilikuwa mpaka baina ya Fulham na Kensington. Watu walikivuka penye mchanga, na yasadikiwa kuwa maana ya jina hilo ni daraja la kivuko cha mchanga.

Mwaka 1824 Bunge la Uingereza liliruhusu kijito kichimbwe kiwe mfereji wa vyombo vya mizigo. Mfereji wa Kensington, wenye urefu wa kama maili mbili, ulifunguliwa mwaka 1828. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini faida haikupatikana. Vyombo vilitegemea kujaa na kupwa kwa maji ya Thames. Na tena, mwisho wake wa juu haukuungana na mfereji mwingine wowote. Chombo kilichoingia hakikuwa na njia ila kurudi kilikotoka.

Kampuni ya reli ikaununua mfereji huo. Reli yake ilifika penye bandari ya mfereji mwaka 1844, lakini magari ya abiria yalisimamishwa baada ya miezi sita tu, kwa kuwa reli nayo iliishia hapo hapo. Ndipo mwaka 1859 ikatolewa idhini ya kuiendeleza hadi ng'ambo ya Thames. Njia ilikuwa tayari: mfereji ulikwisha kupasua mtaa. Sehemu kubwa yake ikajazwa udongo, reli zikalazwa, na magari ya moshi yakaanza kupita tarehe 2 Machi, 1863.

Daraja la sasa ni tunda la kazi hiyo. Lilijengwa kwa matofali kati ya mwaka 1860 na 1862, katika enzi ya Malkia Victoria, ingawa baadhi ya sehemu zake zimejengwa upya tangu hapo. Juu yake hupita watu na motokaa. Chini yake, palipokuwa na mashua, hupita magari ya reli.

Kiwanja cha michezo kilifunguliwa kando ya reli hiyo mwaka 1877, kikachukua jina la daraja. Timu ya Chelsea iliundwa mwaka 1905.

Leo mchanga wa kivuko hauonekani, na maji ya mfereji yamebaki karibu na Thames tu. Lakini haja ya kuvuka haikwisha. Ndiyo sababu kila waliobadilisha njia ya chini walilazimika kuacha daraja juu yake.