Chanjo kwa mtu ambaye tayari ana VVU

Mkulima wa kabichi anayeteremka na lori la alfajiri kutoka Nyandira, Mgeta, kwenda kuchukua dawa CTC, kliniki ya tiba na matunzo, mjini Morogoro, siku hizi hurudi na TLD: kidonge kimoja kwa siku, ndani yake dawa tatu za kufubaza VVU (ARV). Akikimeza bila kuruka, wingi wa virusi hushuka hadi kipimo kisivione. Lakini bado vimo, vimejificha ndani ya baadhi ya seli, na dozi ikikatizwa huibuka tena, mara nyingi ndani ya wiki chache. Ndiyo sababu wapo wanaotafuta chanjo tiba, ya kumsaidia aliyekwisha kuambukizwa.

Isichanganywe na chanjo ya jaribio la HIVIS, iliyojaribiwa Dar es Salaam kuanzia 2007 kwa polisi 60 wa kujitolea. Hao walikuwa wazima, na lengo lilikuwa kukinga. Jaribio hilo Muhimbili walilifanya pamoja na Taasisi ya Karolinska ya Sweden, na ni hapo hapo Karolinska ambapo Rolf Kiessling na wenzake walizieleza, mwaka 1975, seli-uaji asilia: seli za kinga ambazo chanjo tiba inaweza kuziamsha.

Seli hizi hufanya kazi kama mgambo wa sokoni anayekagua vitambulisho: seli isiyo na alama za mwili juu yake, huiua. VVU navyo ni vijanja. Protini yao iitwayo Nef huondoa baadhi ya alama na kuziacha nyingine, ili seli iliyoambukizwa ipite. Tena ugonjwa ukikaa sana, seli-uaji zenyewe huzubaa, kwa kuwa hutegemea kuchochewa na intaleukini-2, kemikali inayotolewa na CD4, seli nyingine za kinga. Na CD4 ndizo VVU huzishambulia.

Utafiti uliochapishwa 2014 katika jarida la Journal of Virology ulifuatilia watu wanaotumia ARV waliochanjwa kwa protini za virusi: Gp120, Nef na Tat. Baada ya chanjo, CD4 zinazoitambua Gp120 zilitoa intaleukini-2 zaidi, na seli-uaji nazo zikaongeza interferoni gama, mojawapo ya silaha zao. Kwa maneno mengine, chanjo iliziamsha seli-uaji kwa kupitia CD4.

Hayo yalionekana kwenye damu iliyopimwa maabara. Hakuna aliyepona, na mpaka sasa hakuna chanjo tiba ya VVU iliyoidhinishwa. Nasema hili wazi kwa sababu tunakumbuka kikombe cha dawa ya mitishamba cha Loliondo, 2011, na walioacha ARV baada ya kukinywa. Hata kwenye majaribio ya chanjo tiba yanayosimamisha dawa kwa muda, mshiriki hupimwa damu mara kwa mara, na virusi vikipanda hurudishiwa vidonge vyake.